Mwongozo kamili kwa kampuni za programu: jinsi ya kujiunga na jamii za wasanidi mtandaoni na kunufaika nazo

Kampuni yoyote inayouza programu za kompyuta leo huuza kazi ambayo sehemu yake kubwa haikuiandika yenyewe. KenyaEMR, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa unaotumika katika vituo vya afya nchini Kenya, umejengwa juu ya OpenMRS, mradi wa programu huria (ambayo msimbo wake, yaani maandishi yanayoielekeza kompyuta, uko wazi kwa wote kuusoma na kuubadilisha) ulioanza mwaka 2004 na kuanza kutumika mjini Eldoret mwaka 2006. Kampuni inayopata zabuni ya kuunganisha mfumo kama huo na maabara au famasi inaingia, ipende isipende, katika kazi ya watu wa mabara kadhaa wanaojadiliana, kusahihishana na kuamua mambo mtandaoni. Uhusiano na watu hao tayari upo. Kinachobaki kwa mwenye kampuni ni kuchagua kama atakuwapo barazani mambo yanapopangwa au atayasikia siku mfumo wa mteja wake unapogoma.

Mwongozo huu unazikusudia kampuni ndogo na za kati, zile ambazo msanidi mmoja akiugua ratiba nzima inayumba. Msimamo wake ni kwamba kufungua akaunti na kusoma mijadala hakuleti faida kubwa. Faida huja pale ushiriki unapokuwa kazi ya kampuni, yenye watu waliokabidhiwa, saa zilizotengwa na mipaka iliyoandikwa, na hasa pale kampuni inapoyarudisha marekebisho yake kwenye mradi wa asili badala ya kuyafungia ndani.

Hatua ya 1: Tambua mnategemea nini

Kazi huanzia ofisini, kabla ya mtu yeyote kuandika neno mtandaoni. Msanidi mmoja apewe jukumu la kutoa orodha kamili ya maktaba (vifurushi vya msimbo ulioandikwa na wengine) na mifumo ambayo bidhaa zenu zinaitegemea, pamoja na matoleo yanayotumika. Kwa miradi ya JavaScript orodha hiyo imo katika faili la package-lock.json, na kwa PHP imo katika composer.lock. Kwa miradi ya Java inayotumia Maven, faili la pom.xml huonyesha tegemezi za moja kwa moja tu, kwa hiyo itabidi kutumia amri ya mvn dependency:tree ili kuziona zile zilizoingia zikiwa zimebebwa na nyingine.

Umuhimu wa orodha hii ulionekana Desemba 2021, pale udhaifu mkubwa ulipotangazwa katika Log4j, maktaba ya Java inayoandika kumbukumbu za mfumo. Udhaifu huo ulimwezesha mshambuliaji kuendesha msimbo wake kwenye seva ya mtu mwingine kwa kutuma tu mfuatano maalumu wa herufi ambao seva ingeuandika katika kumbukumbu zake. Marekebisho yalitolewa haraka, lakini kampuni nyingi duniani zilikuwa bado zinahangaika na swali la awali kabisa: je, Log4j imo kwenye mifumo yetu, na iko wapi? Kampuni yenye orodha, na yenye mtu anayepokea matangazo ya usalama moja kwa moja kutoka kwenye mradi, huanza kazi siku hiyo hiyo.

Orodha ikishapatikana, igawanywe mafungu mawili: vitu ambavyo vikiharibika mapato yanasimama, na vingine vyote. Fungu la kwanza kwa kawaida huwa fupi kuliko watu wanavyodhani. Litakuwa na mfumo mkuu mliojengea, hifadhidata, lango la malipo, na pengine kitu kimoja au viwili zaidi.

Hatua ya 2: Chagua jamii mbili, na uzichunguze kabla ya kusema lolote

Jamii mbili zinatosha kwa kuanzia, na zote zitoke katika fungu la kwanza. Stack Overflow, iliyoanzishwa mwaka 2008, bado ni hazina kubwa ya majibu, ila maswali mapya yanayoulizwa huko yamepungua sana tangu zana za akili unde zilipoenea mwishoni mwa 2022, na kwa kampuni si mahali pa kujenga uhusiano wa kudumu. Makundi ya WhatsApp na Telegram ya wasanidi wa mji au nchi yana manufaa yake ya aina nyingine: lango la malipo likizimika saa nne asubuhi, huko ndiko utakakojua kwanza kama tatizo ni lako peke yako au ni la wote. Hata hivyo majibu yake huzama chini ya salamu na matangazo ya kazi, na baada ya wiki hakuna anayeweza kuyapata tena. Jamii yenye uzito kwa kampuni ni ile ya mradi wenyewe, mahali ambapo hitilafu huripotiwa, msimbo hukaguliwa na mipango ya toleo lijalo hujadiliwa mbele ya wote.

Soma mijadala ya miezi mitatu iliyopita kabla ya kujitambulisha. Angalia kama wageni hujibiwa, na kwa lugha gani. Angalia ripoti za hitilafu hukaa muda gani bila kuguswa. Na zaidi ya yote, chunguza ni watu wangapi wenye mamlaka ya kuidhinisha msimbo na wanalipwa na nani. Mradi unaobebwa na mtu mmoja asiyelipwa ni hatari hata kama msimbo wake ni mzuri, kama ilivyodhihirika Machi 2024 kwa xz, programu ndogo ya kubana data iliyomo katika mifumo mingi ya Linux. Mtu aliyejificha nyuma ya jina la bandia alitumia zaidi ya miaka miwili kujipatia imani ya msimamizi aliyekuwa amechoka, kisha akapenyeza mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Uligunduliwa na Andres Freund, mhandisi aliyeajiriwa na Microsoft kufanya kazi ya hifadhidata ya PostgreSQL, baada ya kuona kwamba kuingia kwenye mashine yake kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Inafaa kulitafakari hilo kidogo: alikuwa na mwajiri anayemlipa kufanya kazi katika mradi ulio wazi, na alikuwa na nafasi ya kuifuatilia nusu sekunde mpaka mwisho wake.

Hatua ya 3: Ufanye ushiriki kuwa kazi rasmi

Hapa ndipo kampuni nyingi hukwama. Mwenye kampuni huwaruhusu wasanidi washiriki wakipata nafasi, na kwa kuwa nafasi haipatikani katika ofisi yenye wateja wanaopiga simu tangu asubuhi, hakuna kinachofanyika. Zitengwe saa mbili au tatu kwa wiki kwa kila msanidi anayehusika, ziandikwe kwenye mpango wa kazi kama zinavyoandikwa saa za mteja, na zisiguswe isipokuwa mfumo wa mteja umesimama. Mikutano ya miradi mingi hupangwa kuwafaa watu wa Ulaya na Marekani, na kikao cha saa 17:00 UTC (saa ya kimataifa) kwa Nairobi na Dar es Salaam ni saa mbili usiku. Msanidi anayehudhuria kikao hicho kwa ajili ya kampuni yuko kazini, naye afidiwe muda huo.

Wateuliwe watu wawili, asiwe mmoja. Katika miradi ya Apache Software Foundation, shirika linalolea miradi mingi ya programu huria, watu hushiriki kama watu binafsi, si kama wajumbe wa waajiri wao. Mamlaka ya kuidhinisha msimbo hupewa mtu kwa kazi aliyoifanya, kampuni haiwezi kuyanunua, na mtu huyo akihama anaondoka nayo.

Kisha uandikwe utaratibu wa ukurasa mmoja unaosema ni msimbo wa aina gani unaoweza kutoka nje, nani anauidhinisha, na kwa muda gani idhini hiyo itolewe, kwani idhini inayokaa mezani kwa meneja mwezi mzima haina tofauti na kukataliwa. Mikataba mingi ya ajira husema kwamba kila anachokiandika mfanyakazi ni mali ya mwajiri, kwa hiyo bila ruhusa ya maandishi msanidi anayechangia anatoa kitu kisicho chake. Baadhi ya miradi humtaka mchangiaji atie saini makubaliano yanayothibitisha kwamba ana haki ya kutoa msimbo huo, na Apache ina fomu ya mtu binafsi na ya kampuni pia.

Leseni nazo zielezwe hapo hapo kwa lugha inayoeleweka. Leseni za MIT na Apache 2.0 zinaruhusu msimbo kuingizwa katika bidhaa iliyofungwa, mradi matangazo ya hakimiliki yahifadhiwe. GPL humtaka anayesambaza programu atoe pia msimbo wake kwa masharti yale yale, na AGPL inapeleka sharti hilo hadi kwa programu iliyobadilishwa ambayo watu huitumia kupitia mtandao, jambo linaloihusu moja kwa moja kampuni inayouza huduma kwa malipo ya kila mwezi. Hata msimbo unaonakiliwa kutoka Stack Overflow una leseni yake, ya familia ya CC BY-SA, inayodai aliyeuandika atajwe.

Hatua ya 4: Weka mipaka ya siri

Kumbukumbu za mfumo zinazobandikwa hadharani ili kuomba msaada mara nyingi hubeba majina na namba za simu za wateja. Hizo ni taarifa binafsi chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 2019 na ile ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na jina la mteja mwenyewe huenda linalindwa na mkataba. Kila kinachotoka kisafishwe na kiangaliwe na jicho la pili. Ufunguo wa siri ukiingia kwa bahati mbaya katika hazina ya wazi ya GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, kufuta faili hakusaidii, kwa kuwa git, programu inayofuatilia mabadiliko ya msimbo, huhifadhi historia yote. Ubatilishwe mara moja na utolewe mwingine, halafu ndipo historia ishughulikiwe.

Hatua ya 5: Uliza maswali yanayojibika

Chukua tatizo ambalo wasanidi wengi wanaounganisha malipo ya M-Pesa ya Kenya kupitia Daraja, huduma ya Safaricom ya kuunganisha mifumo na M-Pesa, hulikuta mapema. Mfumo unatuma ombi la malipo, mteja anaona dirisha la kuweka namba ya siri kwenye simu yake, lakini oda haionyeshi kuwa imelipwa. Swali baya huandikwa hivi: “M-Pesa haifanyi kazi, naombeni msaada wakuu.” Hakuna awezaye kulijibu ila kwa kubahatisha. Swali linalojibika husema: “Natumia mazingira ya majaribio, namba ya biashara 174379. Nikituma ombi napata ResponseCode 0, na simu inaonyesha dirisha la malipo. Baada ya hapo anwani yetu ya kupokea matokeo haipati chochote. Anwani hiyo inafunguka nikiijaribu kutoka mtandao mwingine, na ina cheti halali. Nimeambatisha kumbukumbu za seva za dakika kumi baada ya ombi, namba za simu zikiwa zimefichwa.”

Swali la pili lina faida hata kabla ya kujibiwa, kwani kuliandaa humlazimisha mwulizaji atenganishe mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. ResponseCode 0 inasema tu kwamba ombi limepokelewa ili lishughulikiwe. Habari ya kama mteja amelipa huja baadaye kwenye anwani ya matokeo, ikiwa na ResultCode yake, ambapo 0 ni malipo kukamilika na 1032 ni mteja kughairi. Mfumo unaokabidhi bidhaa kwa kutegemea jibu la kwanza unagawa bidhaa bure, na mwenye duka atakuja kugundua jioni akifunga hesabu.

Tatizo likitatuliwa, aliyeuliza arudi aandike kilichokuwa kibaya, hata kama alikigundua mwenyewe. Maandishi hayo yanakiliwe pia katika kumbukumbu za kampuni, maana msanidi mwingine wa ofisi hiyo hiyo atakutana na jambo lile lile mwakani. Kuhusu akili unde, itumike kwa mambo yaliyokwisha kuandikwa sana. Kwa lango la malipo la benki lililobadilishwa wiki iliyopita, ambalo hakuna aliyewahi kuandika habari zake, itabuni jibu lenye sura nzuri. Majibu yake yasibandikwe kwenye jamii kama yalivyo. Stack Overflow iliyapiga marufuku tangu Desemba 2022, na akaunti yenye jina la kampuni ikifungiwa kwa kosa hilo aibu ni ya kampuni.

Hatua ya 6: Rudisha marekebisho kwenye mradi wa asili

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na katika hatua zote, hii ndiyo inayolipa zaidi. Tuchukue mfano wa kubuni wa kampuni ya Mwanza inayotengeneza mfumo wa SACCOS juu ya Apache Fineract, programu huria ya huduma za fedha ambayo ni mradi kamili wa Apache tangu 2017. Wateja wake wanalalamika kuhusu marejesho ya mikopo yanayoangukia Idd el-Fitr. Sikukuu hiyo hutegemea kuandama kwa mwezi, kwa hiyo siku yenyewe huthibitishwa usiku wa kuamkia, wakati ratiba za marejesho zilikwisha kutolewa miezi mingi nyuma. Idd inaposogea kwa siku moja, baadhi ya wanachama wanatozwa adhabu ya kuchelewa. Msanidi anapata ufumbuzi wa mistari thelathini, anauweka kwenye nakala ya kampuni, mteja anaridhika na faili linafungwa.

Gharama huanza hapo. Kila toleo jipya la mradi likitoka, mistari ile thelathini lazima ipachikwe upya mahali ambapo msimbo unaoizunguka umekwisha kubadilika, na aliyeiandika huenda ameshaacha kazi. Viraka vya namna hiyo vikifika vitano au sita, kampuni huacha kabisa kupandisha matoleo, na kuanzia siku hiyo marekebisho ya usalama yanayotolewa na mradi hayaifikii. Kubaki nyuma kwa namna hii ndiyo gharama kubwa ya kujenga juu ya programu huria, nayo haionekani katika hesabu za mwaka kwa kuwa imetawanyika katika saa za watu.

Njia ya kurudisha huanza na maelezo, kabla ya msimbo. Msimamizi aliye ughaibuni huenda hajawahi kufikiria sikukuu ambayo tarehe yake haijulikani mpaka usiku wa jana yake, na kumweleza hali hiyo kwa mfano wa mkopo mmoja, wenye tarehe na kiasi, ni mchango tosha. Uliza kama ufumbuzi mnaoupendekeza unakubalika kabla ya kuung'arisha. Katika miradi ya Apache jambo lisilojadiliwa kwenye orodha ya barua pepe ya mradi huhesabiwa kuwa halijajadiliwa, hata kama watu wawili wenye madaraka walikubaliana kwa simu. Baada ya hapo utumwe msimbo mdogo unaoshughulikia jambo moja tu, ukiambatana na jaribio linaloshindwa bila marekebisho na kufaulu yakiwepo. Kuombwa ubadilishe mara tatu ni kawaida, wala si dharau. Wiki mbili zikipita kimya, kumbusha kwa adabu. Siku msimbo unapokubaliwa, ile mistari thelathini inakuwa mzigo wa wote: wengine wataijaribu, wataitunza na kuiboresha, na kampuni ya Mwanza itapandisha matoleo bila kuibeba.

Mwenye kampuni atauliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini ampe mshindani kazi aliyoilipia. Jibu ni kwamba hakuna mwanachama wa SACCOS anayechagua mfumo kwa sababu ya namna unavyosogeza tarehe. Wanalipia ripoti zinazokubalika kwa msimamizi wa sekta, mafunzo kwa karani wa tawi, na mtu anayepokea simu mfumo ukikwama mwisho wa mwezi. Hayo yabaki ya kampuni, pamoja na sehemu yoyote ya msimbo inayobeba ujuzi wake wa kipekee.

Kampuni isiyo tayari kuchangia msimbo ianze na kuthibitisha hitilafu zilizoripotiwa na wengine, kusahihisha nyaraka, au kutafsiri. OpenMRS na DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, hutumia Transifex, jukwaa la mtandaoni la kutafsiri programu, kwa kazi ya tafsiri, na mzungumzaji wa Kiswahili anayejua lugha inayotumika kweli katika chumba cha daktari ana mchango ambao wengine hawana. Kinachopaswa kuepukwa ni michango ya kujionyesha. Oktoba 2020, katika kampeni ya Hacktoberfest iliyotoa fulana kwa wachangiaji, wasimamizi wa miradi walifurikwa na mabadiliko yasiyo na maana, kama neno moja kuongezwa kwenye faili la maelezo, hata kanuni za kampeni zikabadilishwa siku chache tu baada ya kuanza.

Hatua ya 7: Itumie jamii kwa ajira, na ukubali upande wake wa pili

Kazi iliyofanyika hadharani humwonyesha mwombaji kuliko wasifu wake. Unaweza kuona jinsi anavyoeleza tatizo, anavyokosolewa na anavyojibu. OpenMRS hata ina ngazi za wasanidi zinazotambua michango ya mtu hatua kwa hatua. Mkutano kama DjangoCon Africa, wa wasanidi wanaotumia mfumo wa Django, uliofanyika Zanzibar Novemba 2023, una manufaa zaidi kwa msanidi ambaye anayafahamu majina ya waliomo ukumbini kutokana na kazi. Upande wa pili ni kwamba msanidi wako naye anaonekana, na kampuni ya ng'ambo inayolipa kwa dola inaweza kumfuata. Kumficha hakumzuii kuondoka. Mshahara unaofanana na uwezo wake na kazi yenye heshima vina nguvu zaidi, na ndiyo sababu nyingine ya kuteua watu wawili.

Hatua ya 8: Pima, na ujue wakati wa kuondoka

Kila baada ya miezi mitatu, pitia mambo manne: viraka vingapi bado viko kwenye nakala ya kampuni tu, mko nyuma kwa matoleo mangapi, habari ya udhaifu wa mwisho wa usalama iliwafikia baada ya muda gani, na matatizo yaliyowashinda ofisini yalitatuliwa kwa siku ngapi. Idadi ya wafuasi na alama za sifa isiingizwe humo.

Jamii nayo inaweza kubadilika. Agosti 2023 kampuni ya HashiCorp iliiondoa Terraform, zana yake ya kuandaa seva kwa msimbo, kwenye leseni huria, na wachangiaji waliopinga wakaanzisha OpenTofu. Machi 2024 Redis, kampuni ya hifadhidata yenye jina hilo, ilifanya vivyo hivyo, na ndani ya siku chache Valkey, mradi mbadala, ikazaliwa chini ya Linux Foundation. Mei 2025 Redis ikaongeza AGPL kuwa mojawapo ya leseni zake. Aliyekuwa ndani ya mijadala hiyo aliona wachangiaji wakuu wanaelekea wapi na akapanga uhamisho wake mapema. Kwa hiyo mradi mnaoutegemea ukitangaza kubadilisha leseni, au ripoti zenu zikikaa miezi sita bila kuguswa, gandisheni toleo mlilonalo, someni leseni yake upya mkiwa na mwanasheria, na muwatafute wachangiaji mliokwisha kufanya nao kazi ili kujua wanahamia wapi kabla ya kusaini mkataba mwingine na mteja juu ya mfumo huo.